Chungu cha Kamba Wajawazito

Enzi zetu, Kwaresima tuliijua kwa pua. Kabla hata padri hajatupaka majivu, mama zetu walikuwa wamekwisha kushusha vibuyu kutoka kwenye kichanja cha jikoni, na kijiji kizima kikanukia kamba wakavu wanaokaangwa bila mafuta. Ijumaa hakuna nyama. Na hiyo nyama yenyewe siku nyingine ilikuwa wapi? Lakini Ijumaa za Kwaresima tulizisubiri kuliko Pasaka, maana kamba wale waliungwa kwa karanga za kutwanga, wakamwagwa juu ya wali, nasi tukalamba sahani za bati mpaka maua yaliyochorwa chini yakaanza kufutika.

Msiokulia bondeni Kilombero msije mkadhani nazungumzia kamba wa baharini. Bahari tuliiona kwenye ramani ya mwalimu. Kamba wetu walikuwa wa vijitoni, wadogo kama kidole cha mtoto, wenye rangi ya maji, hata ukimwinua juani unaona alichokula asubuhi. Wanaume walikwenda mto mkubwa na mitumbwi kutafuta kambare na perege. Kamba walikuwa kazi ya kina mama, na sisi watoto tukiwa wasaidizi na wadokozi. Kiangazi kilipokaza, kijito chetu huko upande wa Michenga kilikatika vipandevipande, likabaki dimbwi moja refu chini ya mizizi ya miti. Watu waliliita Kwa Salome, kwa jina la bibi yangu mzaa mama, ambaye hakulichimba wala kulinunua, ila hakuna aliyethubutu kutia tenga mle bila kumwamkia.

Tulitoka shuleni mbio, kaptula za kaki zimetoboka makalioni, koo limekauka kwa nyimbo za mchakamchaka, tukamkuta Bibi Salome ndani ya maji hadi kiunoni. Alisukuma tenga lake chini ya mizizi, akatikisa mizizi kwa mguu, akainua. Kisha alimwaga kamba juu ya jani la mgomba na kuanza kuwageuza mmoja mmoja. Mwenye mayai tumboni alirudishwa majini.

"Mjamzito haliwi," alisema kila mara.

"Bibi, lakini huyu ndiye mnene," nilimwambia siku moja.

"Ndiyo. Na watoto wake ndio utakaowala mwakani. Au mwenzangu mwakani utakula hotuba?"

Kazi hiyo ilikuwa ya polepole mno, na mimi na rafiki yangu Gaspa tulikuwa na mpira. Kijiji cha pili walitufunga, wakatuimbia hadi kwetu, na mechi ya marudiano ilikuwa inakaribia. Nyumbani wakatuambia hakuna kwenda mpirani mpaka vibuyu vya Kwaresima vijae. Ndipo Gaspa akakumbuka utupa.

Wenzangu wa rika langu mnaujua mmea ule. Unatwanga majani, unayamwaga majini, samaki wanalewa na kuelea. Wazee wetu waliutumia, lakini kwenye madimbwi ya kufa tu, yale ya mbugani yanayokauka kabla ya mvua, ambako samaki wangeoza bure. Tena walikubaliana kwanza. Sisi tulikuwa tumewatazama wakitwanga, tukajua kutwanga. Kwa nini walichagua lile dimbwi na kuliacha hili, hatukuuliza.

Tukamwaga utupa Kwa Salome. Maji yakageuka kama maziwa yaliyochacha, na kamba wakaanza kuruka nje kwenye tope, wengine wakapinda na kutulia. Tulijaza matenga mawili tukicheka. Nilirudi nimejitwisha langu kama bwana harusi.

Bibi alitazama tenga, akanitazama mimi. Alikata jani la mgomba, akakaa chini, akaanza kuwageuza mmoja mmoja kama siku zote. Wenye mayai aliwaweka kando. Walikuwa wamekufa wote, lakini aliwaweka kando, mpaka lile fungu la wenye mayai likawa kubwa kuliko lile jingine.

"Mmevuna na mbegu," alisema.

Mama alinichapa. Fimbo nimeisahau, lakini lile fungu bado naliona. Gaspa ndiye aliyekuwa na wazo, lakini aliyejua sheria ya Bibi ni mimi. Kijijini wakanipa jina la Utupa, na mpaka leo kuna wazee wenzangu pale sokoni Ifakara wakiniona tu wanafunika vikombe vyao: "Jamani, maji yenu! Utupa huyo!" Nacheka nao.

Kiangazi kilichofuata tenga lilipanda na majani matupu. Kwaresima tukala mlenda, na kila jirani aliyepita alituuliza kwa upole kama kamba wamekauka vizuri. Baada ya Pasaka, maji yalipopungua, Bibi akanifunga mkono kwa pindo la khanga yake na kunipandisha treni hadi Mang'ula. Kule vijito vinashuka kutoka milimani, na dada yake alikuwa na shamba chini ya msitu. Tulivua kwa mikono yetu. Safari ile alifanya kinyume: wasio na mayai aliwarudisha, wenye mayai akawatia kwenye chungu cha maji na majani.

Kurudi, chungu kilikuwa mapajani mwangu. Mkagua tiketi akasimama.

"Bibi, shikamoo. Humo mna nini?"

"Marahaba, mwanangu. Wajawazito."

"Wangapi?"

"Kwani nao wanakata tiketi?"

Behewa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nahesabu kila mtikisiko. Tuliposhuka, Bibi alinitwisha chungu na kunifuata nyuma mpaka kijitoni. "Tembea kama mtu mzima," aliniambia. "Umebeba Kwaresima ya watu." Niliingia majini hadi kiunoni nikawamwaga taratibu. Baadaye kamba walirudi, na Bibi Salome aliwala Kwaresima moja kabla hajatutoka.

Siku hizi mjukuu wangu Edita, aliye sekondari, anapenda tambi za pakiti. Unachemsha maji, unamwaga unga wa viungo, umeshiba kabla hata hujasema Baba Yetu. Majuzi alinionyesha pakiti yenye picha ya kamba mkubwa mwekundu.

"Babu, onja. Si ndio kamba wako wa zamani?"

Nikaonja. Ilikuwa chumvi na pilipili. Kamba alikuwa nje, kwenye picha. Nilitaka kuwasema vijana wa leo, nikalikumbuka dimbwi. Shamba lililokuwa na dimbwi la Bibi nililirithi mimi. Mimi ndiye niliyesema trekta lipite, mizizi ing'olewe, dimbwi lifukiwe, mpunga uongezeke. Hakuna mtoto aliyenishauri, na mpira sikuwa nao tena. Nilikuwa mtu mzima, tena nikiijua sheria.

Nikamsimulia Edita yote haya, hadi chungu na treni. Akasimama, macho yanamwaka.

"Sasa Babu, si twende tu? Ndoo yenye mfuniko ipo. Treni ipo. Mang'ula kamba hawajaisha."

"Hawajaisha," nikamwambia.

"Basi twende Jumamosi! Mimi nitabeba."

Nilimtazama, shingo yake changa, tayari kwa mzigo. Zamani aliyeharibu alikuwa mtoto, na mtu mzima alikuwepo wa kumwonyesha pa kurekebisha. Leo mtoto yuko tayari na ndoo yake, na mtu mzima ni mimi.

"Tukiwaleta, mama," nikamuuliza, "tutawamwaga wapi?"