Vidole vya Mama Kamau

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha blanketi, Thika, sikufundishwa kufuma. Nilifundishwa kupiga kelele. Fundi Mkuu, Kalasinga mrefu asiyependa maneno mengi, alinisimamisha kando ya mtambo.

"Kabla ya kuwasha, ita 'Mikono!' Mwenzako akijibu 'Nje!', washa. Hajajibu, hakuna kuwasha. Umesikia, bwana?"

Nilisikia. Nikajifunza na mtande, ule uzi unaotandazwa kwa urefu, na mshindio, unaopita katikati yake kwa upana. Uzi ukikatika, mtambo unazimwa, mmoja wenu anaingiza mkono kuunganisha. Mwenzangu alikuwa Mama Kamau wa Githurai, mcheshi, mtu wa kuokoka. Hata uzi ukikatika alisema, "Asante Yesu," nami nikimcheka: kwani Yesu ndiye anaukata?

Mwaka wangu wa nne, tukikimbizana na oda, Mama Kamau akiunganisha uzi, niliita "Mikono!" na kuwasha papo hapo. Sikungoja jibu. Ule mlio ukinijia hadi leo nikiwa mezani, naweka kijiko chini. Nilizima haraka, lakini vidole vyake vitatu vilikuwa vimekwenda.

Msimamizi wa Zamu alipouliza, nilisema mtambo umejiwasha. Akaandika hivyo. Fundi Mkuu alinitazama, kisha akaenda kukagua swichi.

Hospitalini nilimkuta Mama Kamau ameketi kitandani, mkono umefungwa, anaomba kwa sauti. "Asante Baba kwa huu mkono mwingine. Asante kwa Baba Njeri, alizima haraka."

Baba Njeri ni mimi. Afadhali angenilaani.

"Mama Kamau, unashukuru nini na umekatwa?"

"Si nalia pia, huoni macho? Nikimaliza kulia nashukuru. Nikimaliza kushukuru nalia tena."

Aliporudi kazini alipewa ufagio. Mimi nikahamishiwa Ruiru, nikapanda hadi Msimamizi wa Zamu, nikawafokea vijana kuhusu "Mikono!" mpaka wakaniona nina wazimu. Siri yangu sikumwambia mtu.

Mwaka jana nilistaafu, na familia ikaniandalia ibada ya shukrani nyumbani Mwiki. Mama Kamau alikuja. Niliposimama kushuhudia, "Bwana asifiwe" sikuisema. Nikasema tu, mbele ya wote: mtambo haukujiwasha, ni mimi niliyeuwasha.

Mke wangu alishika mdomo. Asiyeshtuka alikuwa Mama Kamau peke yake.

"Baba Njeri, mimi nilikuwa nimekuangalia. Niliona mkono wako kwa swichi."

"Ulijua? Na bado ukashukuru kwa ajili yangu?"

"Ulizima haraka, si huo ni ukweli? Halafu kila asubuhi nikifunga vifungo vya sweta na hivi vidole viwili vilibaki, namwambia Mungu asante, nimeamka tena bila kukuchukia." Akatua kidogo. "Siku zingine nilisema hiyo asante kabla haijakuwa kweli."

Kisha akaninyooshea ule mkono. Nami, mzee mzima mwenye cheti cha utumishi mwema, sikujua niushike vipi.