Jicho la Kisogoni

Nilipokuwa darasa la tano niliamini kwa moyo mmoja kwamba dada wa nyumba ya jirani, kule kwetu Mzenga, alikuwa na jicho la tatu. Lilikuwa kisogoni, chini ya nywele, na ndiyo maana hakukubali kusukwa na mtu mwingine ila bibi yake. Habari hiyo ililetwa na golikipa wetu, mtoto mmoja mnene aliyeapa kwamba aliliona likipepesa. Usinicheke. Hata wewe ungekuwepo ungeamini.

Nimeyakumbuka haya Jumapili iliyopita hapa Kibaha, nilipokwenda kumwona dada huyo akicheza mechi yake ya kuaga. Kiungo wa timu ya taifa yule, ndugu yangu, mtu aliyecheza mpaka nchi za theluji! Nami nimekaa jukwaani nawaambia wenzangu wa kiwandani Zegereni kwamba nimekula naye ugali wa muhogo sahani moja. Hawakuniamini. Wananijua.

Ila ushahidi wa lile jicho tulikuwa nao tele. Kwao waliishi wawili tu, yeye na bibi yake, na muhogo ndio uliowaweka mjini, kama mji ungekuwepo. Ulimenywa, ukapasuliwa, ukaanikwa juani kwenye mikeka mpaka ukawa makopa makavu, meupe, yenye harufu ya uchachu ambayo hata leo ikinipitia puani napata njaa ya utotoni. Kazi ya kuyalinda ilikuwa yake. Alikaa kwenye kivuli cha ukuta akipukuchua kunde, mikeka iko nyuma yake juani, na kuku wa kijiji kizima, nadhani na wa vijiji vya jirani walikuwa wakipelekewa salamu, wanapita mbele yake, wanazunguka kuinyemelea. Kuku akiinamisha shingo tu adonoe, ta! Kijiwe kimempata. Dada anaendelea na kunde zake, anaimba, wala hajageuka.

Siku moja nikaamua kuhakikisha mwenyewe. Nilisimama nyuma yake nikatoa ulimi mpaka kidevuni.

"Rudisha huo ulimi," akasema, uso wake ukiwa kwenye ungo, "nzi watatua."

Nilikimbia hadi nyumbani bila miguu kugusa ardhi.

Kwenye chandimu, jioni nyuma ya shule, ilikuwa hivyo hivyo. Mpira wetu ulikuwa wa matambara na nailoni, naye alikuwa msichana peke yake kati yetu. Aliupokea akiwa ameligeuzia goli mgongo, na kabla hujamfikia ameshauweka mguuni kwa mtu aliye nyuma yake kabisa. Mwisho tukaacha kumkaba. Unamkabaje mtu wa macho matatu?

Basi mwalimu wa michezo akapata habari kwamba Kibaha kuna timu ya wasichana inatafuta kiungo, na shule ya kumpokea ipo. Akaja kumwombea ruhusa kwa bibi. Sisi tulijibanza nyuma ya ua wa makuti, masikio yamesimama kama ya sungura.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kama umekuja na mambo ya mpira, karibu chai tu."

"Mjukuu wako ana kipaji, bibi."

"Kipaji kinaliwa na mboga gani? Akienda huko, makopa yangu atalinda nani? Wewe?"

Hapo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: kuku mmoja alipanda mkekani, akadonoa, akadonoa tena, na hakuna kijiwe kilichoruka. Dada alikuwa ameinamia kunde zake, mikono imesimama. Ndipo nilipojua jinsi anavyoitaka hiyo Kibaha. Nafikiri bibi naye alimwona yule kuku, maana alishusha pumzi ndefu.

"Timu ya wasichana wa shule yenu ina mechi na wenzao wa Kisarawe mjini, siyo? Nitakwenda kuangalia mwenyewe. Nikikuta anakimbiakimbia tu kama ndama aliyekata kamba, narudi naye, na habari ya Kibaha iishie hapo."

Tulikwenda kwa lori la mkaa. Bibi alikaa mbele na dereva kama mkuu wa wilaya; sisi wengine tulipanda juu ya magunia, tukapandisha vile vilima vya Kisarawe tukiimba, tukateremka weusi kiasi kwamba wenyeji walishindwa kujua nani mchezaji nani gunia. Dada alifunga kamba za viatu vya kuazima, akazifungua, akazifunga tena.

Mechi ilianza vibaya. Walimbana, wakamwangusha, na kila akianguka mimi nilimtazama bibi badala ya mpira. Bibi uso haukucheka wala kununa. Nikashindwa kuvumilia, nikapiga kelele: "Dada, tumia jicho!"

Sijui kama alisikia. Mpira ulimjia akiwa ameelekea kwetu, wasichana wawili wanamvamia kutoka nyuma. Akaugusa mara moja tu kwa kisigino, ukapita katikati yao, ukamkuta winga wetu peke yake. Goli! Ile kelele ilisikika Dar es Salaam, nasema kweli.

Na bibi akacheka. Alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani, akamgeukia mwalimu: "Mchukue. Kazi niliyomfundisha hajaiacha." Kisha akatugeukia sisi. "Na nyie wenye midomo, makopa mtanilindia nyie."

Sisi tukaelewa kwamba bibi amethibitisha habari za jicho. Nikapewa zamu ya mikeka. Niliyakodolea macho yale makopa mpaka machozi yakanitoka, na bado kuku waliyala. Nikipiga kijiwe, kuku ameshaondoka na kopa lake. Hapo imani yangu ilikamilika: macho mawili hayatoshi.

Yeye akaenda Kibaha, akaenda Dar, akaenda ng'ambo, goti likaumia, likapona, akarudi kucheza. Mimi nikaja Zegereni, nikasoma madarasa ya jioni nikamaliza, nikajua kwa vitabu kwamba binadamu ana macho mawili. Bibi amefariki. Mzenga nikienda sikuti mikeka ya makopa kando ya ukuta ule. Watu wananunua unga wa pakiti, na kuku wanatembea bila ajenda yoyote.

Jumapili, mechi ilipoisha, nilisukumana na umati mpaka nikamfikia. Ana mvi mbili tatu. Akanitazama, akasema, "Mtoto wa ulimi!" Wenzangu wa kiwandani walikuwepo, namshukuru Mungu.

Nikamuuliza kwa utani, ingawa haukuwa utani wote: "Dada, lile jicho bado lipo?"

Akacheka kile kicheko cha bibi yake. "Jicho gani? Ulimi ulikuwa unamtolea kila mtu; nilisikia nyayo zako, nikakisia tu."

"Na kuku je? Mimi nilikaa pale sikupepesa, wakanimaliza."

"Wewe ulikuwa unaangalia makopa, mdogo wangu," akasema. "Mimi nilikuwa naangalia kuku, wakiwa bado mbali."