Firigisi ya Baba

Harufu ya jogoo anayechemka kwenye moto wa kuni bado hunisimamisha nilipo. Wengine wakiisikia humeza mate. Mimi husikiliza kwanza kama kuna nyayo mlangoni. Ngoja niwaeleze sababu.

Ilikuwa miaka ya neema ya miwa. Matrekta yalipita mbele ya nyumba yetu, nje kidogo ya mji wa Kakamega, yakidondosha miwa, nasi watoto tukaiokota bila kufukuzwa. Baba alikuwa mpakiaji wa miwa na bondia wa timu ya kiwanda cha sukari, mpaka alipoacha kazi ili apigane ngumi za kulipwa. Jumamosi moja alikuwa na pigano mjini. Kwanza, saa nne asubuhi, angepimwa uzani. Akizidi hata kidogo, hakuna pigano, na kiwandani alikuwa ameshaaga.

Kwa siku mbili hakuwa amekula. Alikimbia katikati ya miwa akiwa amevaa makoti mawili, akarudi midomo imepasuka kama udongo wa Januari. Kocha wake, Musa, alimwonya, "Hata mate usimeze, ndugu yangu. Tema."

Ijumaa jioni Kukhu, mama yake Baba, akafika kutoka Bukura na jogoo kwapani. Kulipopambazuka, jogoo alikuwa chunguni.

Kwetu firigisi, tunayoiita imondo, ni ya mwenye boma. Babu tulikuwa tumemzika miezi mitatu tu kabla ya hapo, na asubuhi ile ndiyo Baba alikuwa anapewa kwa mara ya kwanza. Kuikataa ni kusema boma limekushinda. Kwa mila, sisi wasichana hatukuruhusiwa hata kuionja; Kukhu mwenyewe hakuwahi kula kuku maishani mwake.

"Mama, nitakula jioni," Baba alisema. "Leo nina mizani."

"Mizani ndiyo ilikuzaa?" Kukhu aliuliza. "Mwanaume hakataanga imondo."

"Nikizidi uzani, sipigani."

"Kwa hii? Kuku mwenyewe alitembea nayo na hakuchoka."

Nilikuwa nimeketi sakafuni kando ya Baba. Simba, mbwa wetu, alikuwa chini ya meza, mate yakimdondoka juu ya mguu wangu. Baba aliitia firigisi mdomoni nzima. Taya lake halikusogea. Kukhu alimkazia macho, naye Baba akautazama ukuta, jasho likimtoka, jasho ambalo kwa siku mbili lilikuwa limekataa kutoka.

Kisha chungu kikafurika jikoni, Kukhu akageuka akatoka. Baba akaitoa firigisi na kuitia kiganjani mwangu, ya moto, yenye maji.

"Kula. Haraka."

Niliimeza karibu nzima. Ilinikwama kooni, machozi yakanitoka. Kukhu aliporudi aliuliza, "Umemaliza?"

"Imeisha, Mama."

Saa nne, mjini, mshale wa mizani ulitetemeka chini ya Baba, ukavuka mstari, ukarudi, ukatulia juu yake. Musa akafunga macho. Mimi nikashusha pumzi, nikijua kwamba kile ambacho kingezidi kilikuwa tumboni mwangu.

Alasiri Baba aliangushwa katika raundi ya sita. Nilikuwa nimekaa na Mama, na kila ngumi iliyompata niliihesabu kuwa kosa langu. Kama angeila mwenyewe, niliwaza, miguu isingemlegea. Jioni, Mama alipokuwa akimkanda uso kwa maji ya chumvi, nilishindwa kuvumilia.

"Baba, mimi ndiye niliyekula nguvu zako."

Alinitazama kwa jicho moja, lile lililokuwa bado linafunguka. "Ulitafuna?"

"Nilimeza tu."

"Siku nyingine utafune."

Alipigana miaka mingine sita, akashinda mara nyingi kuliko kushindwa, kisha akarudi kupakia miwa mpaka mgongo ukakataa. Kisa hiki nilikisimulia kila mara kama kichekesho cha mizani, hata kwenye matanga yake. Boma la Bukura sasa ninalitunza mimi.

Juzi nikiwapakulia wanangu kuku, mbwa wetu wa sasa aliingia chini ya meza, akalaza kichwa juu ya mguu wangu. Upawa ukanisimama mkononi. Asubuhi ile Simba alikuwa hapo hapo, mdomo wazi, karibu na Baba kuliko nilivyokuwa mimi. Angeimeza bila swali wala kosa. Mkono wa Baba ulimpita, ukanifikia mimi.