Geji ya Mzee Othmani

Miaka kumi na moja Mzee Othmani wa Majengo, Nyeri, alipima petroli ya gari lake kuukuu, Pijo, kwa kijiti cha mti wa kahawa. Geji ya petroli ilikufa, naye hakuwaamini mafundi. Jumamosi akaifungua dashibodi mwenyewe, akakwangua kutu kwenye waya, akafunga. Mshale ulitikisika kidogo, ukalala kwenye E, alama ya tangi tupu.

"Takataka!" akafoka. Kwa hasira hakupima hata kwa kijiti, akampakia mkewe Rehana, wakaondoka kwenda Kianyaga.

Walipofika Gatitu, gari likakohoa na kuzima. Rehana akatumbukiza kijiti kwenye tangi. Kikatoka kikavu.

Othmani akautazama mshale, akaangua kicheko. "Mama Farid, kumbe nimeitengeneza!"

Akachukua mtungi, akaenda kutafuta petroli akipiga mluzi.