Mita Iliyofungwa kwenye Nailoni

Mume wangu hutengeneza redio na pasi. Majirani humwita Fundi Polepole, maana hana haraka hata nyumba ikishika moto. Msimu huu wa mvua alichoka, na si uchovu wa kulala ukaamka mzima.

Ilianza na mama mwenye saluni. Alisimama mlangoni, draya yake ya kukaushia nywele mkononi.

"Fundi, uliniambia hii inavujisha umeme, niitupe. Mwenzako kaipima, ni nzima. Siku hizi unazika vilivyo hai?"

Mume wangu akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Jioni akaniambia, "Mama watoto, nafunga kibanda. Macho yameisha. Asubuhi naona kila kitu kibovu, mchana vitu vilevile vinakuwa vizima."

"Kumbe unazeeka asubuhi, mchana unakuwa kijana? Nigawie dawa hiyo na mimi."

Neno hilo lilimkaa kichwani. Kulipokucha, kabla hajagusa kazi ya mtu, aliwasha mita yake ya kupimia umeme, akaacha waya zake mbili zining'inie hewani. Hazijagusa kitu, kwa hiyo mita ilipaswa kukaa kimya. Namba zikawa zinacheza.

"Inaongopa," akasema taratibu.

Akaifungua. Ndani mlikuwa na ukungu mweupe kama unga. Akatazama paa: kavu. Akatazama meza: kavu. Kisha akaokota mfuko wa nailoni ambamo kila jioni huifungia mita ikiwa bado na joto la kazi, akikaza kwa mpira ili unyevu usiingie. Akaupindua. Vidole vikalowa.

"Unyevu nimeufungia humohumo," akasema. "Asubuhi inaongopa, mchana ikikauka inasema kweli." "Nimeitunza mpaka imeugua."

Akaisugua kwa spiriti na mswaki mkuukuu, akailaza kwenye boksi lenye balbu inayowaka. Mchana akaifunga skrubu, akainua tena zile waya hewani. Kimya.

Nilitegemea afurahi. Akageukia rafu ya vitu vyote alivyovikatia tamaa tangu mvua zianze, pasi, redio, majiko ya umeme, vimerundikwa hadi darini.

"Nilishajiona nimepumzika," akasema.

"Utapumzika ukifa, baba."

Nikamsogezea kigoda. Akavuta pasi ya kwanza, akapuliza vumbi, akaanza kupima upya. Nailoni niliichukua mimi, iwe ya kutunzia sabuni ya kufulia.