Pipa Ambalo Dobi Hakulifungua

Saa tatu asubuhi meza imeshajaa kompyuta, lakini Dobi hajamaliza hata moja. Mbele yake ipo ya mwanachuo anayetaka kuwekewa mfumo mpya wa kuiendesha kabla ya kipindi cha mchana. Skrini inauliza swali lile lile la kila siku: mfumo mpya uwekwe juu ya ule wa zamani na vitu vibaki mahali pake, au kila kitu kifutwe kianze upya? Kidole cha Dobi kipo hewani.

"Futa tu, fundi," anasema mwanachuo. "Mbona unaiogopa?"

Dobi anafungua kwanza pipa la taka la mashine ile, mahali ambapo faili zilizotupwa hukaa mpaka mtu alimwage, na kuanza kuzipitia moja moja.

"Hizi picha unazihitaji?"

"Si zipo kwenye taka, bro?"

"Ndiyo maana nauliza."

Zamani hakuwa hivi. Jina la Dobi alipewa na wateja, kwa sababu yeye alikuwa haweki mfumo juu ya mfumo, alikuwa anafua. "Kuweka mpya juu ya wa zamani ni kuvaa shati safi juu ya jasho," alikuwa akiwaambia, nao wakicheka. Na haki yake apewe: mashine zilitoka kwake nyepesi, na foleni ilifika mlangoni kwa kinyozi wa jirani. Ile njia nyingine hula nusu siku, na pengine mashine ikarudi kesho yake na maradhi yale yale.

Ndipo fundi cherehani wa mtaa wa nyuma alipokuja na mumewe, wamebeba kompyuta iliyokuwa inachukua muda mrefu kuwaka.

"Nikauliza kama kuna kitu cha muhimu. Baba akasema hakuna," anakumbuka Dobi. "Mama akaniuliza, 'Si unaweza kuweka mpya juu, bila kufuta?' Nikamjibu kwa ujuaji wangu. Nikampa na ule mfano wa shati. Akamtazama mumewe, akanyamaza."

Dobi alinakili vilivyokuwa kwenye uso wa skrini, nyaraka na picha, kama afanyavyo fundi yeyote. Pipa hakuligusa. Nani anahifadhi takataka?

Mama huyo alikuwa anahifadhi. Binti yao wa pekee alikuwa amefariki, na mama akawa anashinda mbele ya skrini akimtazama pichani, cherehani imelala. Mumewe alipoona mkewe anakwisha, akazitupa picha zote. Hakujua kulimwaga pipa. Mama alizikuta humo akaziacha humo humo, maana zikirudi mahali pake zingeonekana na kufutwa kabisa. Mume akitoka, alizirudisha, akazitazama, kisha akazitupa tena kwa mkono wake mwenyewe. Simu iliyozipiga ilishakufa.

"Ningesemaje mbele yake?" anauliza mama huyo, akiwa amekaa nyuma ya cherehani bila kukanyaga pedeli. "Mimi nikimpima mtu, namuuliza yeye mwenyewe pa kubana. Fundi alimuuliza baba."

Alirudi kwa Dobi peke yake siku ya pili. Aliwasha mashine, akafungua pipa, akaliona tupu. Dobi anasema mama hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

Tangu siku hiyo Dobi hawezi kufua. Aliyekuwa akimaliza mashine sita kwa siku, sasa akimaliza mbili anashukuru, na foleni imehamia kwa fundi mwingine ng'ambo ya barabara. "Namwambia, baba watoto, maji yakishamwagika hayazoleki," anasema mkewe. "Ananijibu kwamba aliyeyamwaga ni yeye. Chakula anakiangalia tu."

Dobi aliing'oa diski ya mama huyo, akamwekea nyingine, kisha akaiachia ile ya zamani programu ya kutafuta vilivyofutwa. Lakini mfumo mpya ulikuwa umeshaandikwa juu ya karibu kila kitu. Ilirudi picha moja, nayo nusu: pazia la chumba cha kushonea, ukingo wa kabati, na utepe mwekundu juu ya nywele. Chini ya hapo ni rangi ya kijivu mpaka mwisho.

Mwanachuo anapoondoka kwa hasira ya kucheleweshwa, na mashine yake mkononi, mama anaingia. Dobi anamfungulia ile picha, kama kila anapokuja. Mama anaweka kidole chini kidogo ya utepe.

"Uso ulianzia hapa," anasema.

Dobi anataka, anasema, awe anamhoji kila mteja peke yake, hata akija na mume, hata akija na mzazi. Anataka kulifungua pipa la kila mtu, wateja wakikimbia wakimbie. "Ila ningelifungua moja tu," anasema, "lile lake, nisingehitaji kuyafungua mengine."

Mama anasimama, anajifunga mtandio.

"Usiniambie zimekwisha, mwanangu. Niambie unatafuta."

"Natafuta, mama."

Anamsindikiza kwa macho mpaka anapokata kona. Programu ya kutafuta ilimaliza kazi yake wiki iliyopita.