Seli Iliyosahau Kazi Kipungani

Asubuhi hiyo niliondoka Mokowe bila mpango, ngozi ikiniwasha. Muuguzi alikuwa amenieleza kwamba kinga yangu inanishambulia mwenyewe. Zipo seli, alisema, ambazo kazi yake ni kuwatuliza askari wa mwili. Huzurura katika damu, zikashuka penye uvimbe. Lakini vita vikichacha, baadhi hufika zikasahau kazi, zikaanza kupigana.

Hiyo ya kuzurura niliipenda.

Mashua ikanishusha Kipungani, nikaelekezwa kwa bibi mmoja mwenye chumba cha wageni. Nilimkuta akizozana na wifi yake juu ya mkeka uliopinda: yeye ndiye aliyesuka ukili, ule ukanda mrefu wa majani, wifi akaushona kuwa mkeka.

"Bwana mgeni, tuamulie!" bibi akaniita.

"Tulieni, mabibi. Mkeka ni mzuri tu."

"Mzuri? Mbona umepinda shingo kuutazama?" wifi akauliza.

Nikautazama tena. "Kosa ni la ukili," nikatamka.

"Basi kwangu hakuna chumba!" bibi akasema.

Wifi, kwa furaha, akamwita mumewe anifungulie chumba chao cha uani. Nikajilaza juu ya mkeka mwingine alioushona yeye. Ukili ulinyooka, mshono ndio uliokwenda upogo. Nikajikuna.